Eda Ndani ya Tope

Video ilifika mjini Sur kabla nguo za Bi Asya hazijakauka.

Alikuwa amekaa chini ya ubao wa darasa, juu ya godoro la msaada lililokuwa bado na nailoni yake, na guo lake jeupe la eda limemganda mwilini. Skuli ya Tiwi, kijiji chao cha pwani ya Omani, ilikuwa imejaa watu, watoto wanalia, harufu ya nguo mbichi kila pembe. Kimbunga kilikuwa kimeshapita kwenda zake bara, lakini upepo ulikuwa bado unapigapiga madirisha kama mtu aliyesahau kitu ndani. Ndipo Khamisa, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alipomletea simu ameishika kwa vidole viwili.

"Da Asya, bora uione kwangu kuliko kuisikia kwa watu."

Bi Asya akavaa miwani. Akajiona yuko mgongoni mwa kijana wa uokozi mwenye jaketi la rangi ya chungwa, maji ya wadi, lile bonde la mto, yamemfika kijana kifuani, na yeye amemkaba shingo kwa mikono miwili, shungi limemrudi nyuma. Na meno yote nje. Mjane wa Musabbah, mume hajakauka kaburini, yuko mgongoni mwa mwanamme anacheka.

"Wameandika nini hapo chini?"

"Hawakuandika kitu. Wametia wimbo."

"Wimbo gani?"

Khamisa akatazama sakafu. "Wa harusi, dada."

"Loo." Bi Asya akairudisha simu. "Haya, hata wimbo wenyewe hawajui kuchagua."

Lakini alikuwa ameshaanza kulivuta shungi lake mbele, na Wijdan binti yake alimwona. Wijdan alikuwa mwalimu wa skuli ileile, na darasa lile lilikuwa lake. Picha za wanafunzi wake zilikuwa bado ukutani, na chini ya picha zile mama yake amewekwa kama mzigo wa bandarini.

"Nani kaituma hii? Wallahi nitamjua!"

"Ukimjua utamfanya nini? Kaa, mwanangu."

Watu wote mle ndani walijua uzito wa jambo lile. Mjane akifiwa hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, na mwanamme asiye maharimu yake haingii alipo. Bi Asya alikuwa ameifikisha eda yake nusu wakati redio ilipoanza kutangaza kimbunga. Jirani walihama yeye akakataa. Akasema kama ni kufa atafia mlango uleule aliotolewa mumewe kwenda kuzikwa. Maji yalipoingia jikoni, mtungi wa gesi ukaanza kuelea na kugonga milango kama mgeni, Wijdan akapiga simu ya uokozi bila kumuuliza. Akaja kijana wa mji wa Ibra, Laith jina lake. Hakumuuliza vilevile.

Asubuhi ile Wijdan alikuwa ameshampigia shekhe simu. Shekhe alisema dharura ni dharura, eda haikuvunjika, na hali ikiwa salama mama arudi kwake akaimalize.

"Umesikia?" Wijdan akamwambia mama yake. "Haikuvunjika."

"Nimesikia. Na la mwisho nimelisikia pia. Arudi kwake."

*

Mchana barabara ya Sur ilipofunguliwa, wa kwanza kufika alikuwa Tamima, dada wa marehemu. Alishuka garini na abaya iliyopigwa pasi, na udi ukamtangulia mlangoni. Mwanawe Khalaf alibaki nje ya darasa, maana Bi Asya ni mke wa mjomba wake tu, si maharimu yake.

"Shikamoo, shangazi," Wijdan akasema.

Tamima hakuitikia. Alipita kati ya magodoro akiinua abaya, watu wakampisha, wengine wakanyamaza ili wasikie vizuri.

"Wifi, umetuvua nguo Sur nzima."

"Mimi nilikuwa nimevaa, wifi. Kama kuna aliyevuliwa, ni nyinyi huko."

"Usinifanyie mzaha! Mtu wa eda, anabebwa na mwanamme, kichwa wazi, anacheka! Kaka yangu kakukosea nini? Wenzio hufa na heshima zao ndani ya nyumba."

"Nani huyo? Nitajie mmoja aliyerudi akasifia."

Nyuma mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Tamima akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamjia kidevuni, jambo lililomwongezea hasira.

"Sikiliza. Nimekuja kukuchukua. Utakuja kukaa Sur kwangu, eda uimalizie mbele ya macho yangu, watu wanyamaze. Chumba cha nyuma kipo."

"Kile mlichokuwa mkifungia mbuzi wa Idi?"

"Kimesafishwa."

Wakati huohuo aliingia binti mmoja wa watu wa msaada na katoni la maji, na nyuma yake mwenzake ameinua simu. Akalipachika katoni mapajani mwa Bi Asya bila salamu. "Mama, tazama huku. Cheka kidogo."

"Nishacheka jana, mwanangu," Bi Asya akasema, akajifunika uso kwa shungi. "Yamenitosha."

Binti akaondoka na katoni lake kwenda kutafuta mwenye kucheka.

Khalaf sasa alikuwa anazungumza na Wijdan mlangoni, kwa Kiarabu, kwa sauti ya kusikika na wote. Musabbah hakuacha mtoto mwanamme. Wijdan ana nusu ya nyumba, mjane ana thumni, sehemu moja ya nane, na kilichobaki ni cha Tamima. Hilo hakuna aliyelibisha. Lakini Khalaf alikuwa ameshafikiri mbele. Ile nyumba imekwisha, alisema, tope limefika madirishani. Bonde lile ni njia ya maji, binadamu hatakiwi kulala pale. Yeye ataleta tingatinga, asafishe kiwanja, na kuna mtu wa Maskati anataka kujenga vyumba vya watalii wanaokuja kuogelea wadini.

"Ngoja nikufahamu," Wijdan akasema. "Kwa mama yangu ni njia ya maji. Kwa watalii si njia ya maji?"

"Watalii hawakai. Wanalala usiku mmoja, wanaondoka."

"Na kimbunga kitauliza nani kalipia usiku mmoja na nani kalipia miwili?"

Khalaf akamwita mama yake watoke. Tamima akainuka, kiti kikainuka naye, Khamisa ikabidi amsaidie kukivua.

"Kesho gari inakuja kukuchukua, wifi," akasema huku anajinyoosha. "Uwe tayari."

"Nitakuwa tayari," akasema Bi Asya.

*

Gari haikumkuta. Kulipopambazuka, wanawake wanne wa mtaa wa wadini walishika shuka nne za skuli kuzunguka pande zote za Bi Asya, wakamtembeza katikati kama hema linalokwenda kwa miguu. Wanaume waliokuwa njiani waligeuza nyuso. Mitende ilikuwa imelala yote upande mmoja, vichwa vimeelekea baharini. Mashua ya mtu imekaa juu ya paa la duka. Hapo uwanjani pa watoto kuchezea mpira palikuwa na mawe makubwa kama magari, yaliyoteremka usiku mmoja kutoka milimani.

Geti halikuwepo. Ukuta wa upande wa wadi haukuwepo. Nyumba yenyewe ilikuwa imesimama, tope la rangi ya kahawa limejaa mpaka usawa wa madirisha, na friji limelala chali juu ya banda la kuku.

"Asalaam alaykum," Bi Asya akaiambia nyumba, kama alivyozoea kila akiingia.

Wijdan alisimama sebuleni mikono kichwani. "Mama, hapakaliki hapa."

"Wapi hapakaliki?" Bi Asya alikuwa ameshauona mlango wa jikoni, uliong'oka ukalala juu ya tope. Akaupiga kwa kiganja, akaukalia. "Mimi si nimekaa?"

"Hamna umeme. Hamna choo. Ukiumwa je?"

"Nikiumwa nitaumwa kwangu. Nipe sinia hilo."

Basi wakaanza. Sepeto zilikuwa mbili tu mtaa mzima, kwa hiyo wengine walichota kwa masinia ya biriani, wengine kwa sufuria, Khamisa kwa beseni la kuogeshea watoto. Tope lilinuka samaki na dizeli, na chini kabisa lilinuka tende, maana ghala la jirani yao Yaqoob, aliye juu ya bonde, lilikuwa limemwagika lote humo. Kila kitu kilichotoka kilikuwa kimebadilika umbo. Mswala ulikuwa mgumu kama ubao. Birika la kahawa limejaa udongo mpaka mdomoni. Ndani ya mashine ya kufulia walimkuta samaki changu, amekufa macho wazi.

"Huyo aliletwa kufuliwa," Khamisa akasema, na wanawake wakacheka, wakachota, wakacheka tena.

Wijdan alipofika kwenye kabati la baba yake, akatoa kanzu moja iliyokuwa nyeupe, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, mwalimu mzima wa watu.

Bi Asya alimwacha kidogo. Halafu akasema, "Lia, mama. Lakini lia huku unachota."

Jioni chumba kimoja kilikuwa kimeonekana sakafu. Hicho ndicho alichokichagua, kile alichofia Musabbah. Wakamtandikia godoro la skuli juu ya ule mlango wa jikoni, wakamfungia shuka moja dirishani.

*

Tingatinga lilikuja siku ya pili yake. Lilisikika toka darajani, na watoto wakalifuata nyuma. Khalaf alikuwa mbele na gari lake, na juu ya tingatinga alikaa dereva Mpathani wa Pakistani, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina.

Khamisa alikuwa amesimama palipokuwa geti, miguu imezama mpaka vifundoni, sepeto mkononi.

"Mnakwenda wapi?"

"Kusafisha kiwanja," Khalaf akasema. "Toka, khala, mama yangu."

"Ndani mna mwanamke wa eda."

Khalaf akaangalia pembeni. Dereva aliinama kutoka juu. "Nini amesema?"

"Hakusema kitu. Ingia kazini."

"Nimesema," Khamisa akapaza sauti, kwa Kiarabu cha sokoni ili dereva asikose hata neno moja, "ndani mna mjane! Mume kafa! Eda! Wanaume hawaingii!"

Dereva akazima injini. Watoto nao wakasimama.

"Washa," Khalaf akasema.

"La, arbab, bwana mkubwa. Mjane ndani, mimi haiwezi."

"Nakulipa mimi, hakulipi yeye!"

"Pesa yako nzuri, arbab. Lakini kwetu, mtu akivunjia mjane nyumba, mama yake mwenyewe hamfungulii mlango tena." Akateremka, akatoa chupa yake ya chai, akakaa kwenye kivuli cha gurudumu akiipa nyumba mgongo, kwa adabu.

Khalaf akapanda juu ya jiwe, akapiga kelele kuelekea dirisha lenye shuka. "Khala Asya! Toka tuzungumze! Hii si akili!"

Sauti ya Bi Asya ikasikika, ya taratibu, haikumwelekea yeye.

"Wijdan! Mwambie mtoto wa Tamima kwamba mimi nimo edani, sisemi na wanaume wasio maharimu yangu. Mamake kanikanya. Nimetubu."

Wanawake waliokuwa wakichota wakaangua kicheko, masinia yakawaanguka. Khalaf akashuka jiweni, masikio yamemwiva. Akampigia mama yake simu.

*

Tamima alifika toka Sur, akaingia peke yake. Hatua ya pili kiatu kikabaki kwenye tope. Akakivuta, hakikuja. Hatua ya nne kikabaki cha pili. Aliingia chumbani miguu mitupu, abaya imelowa mpaka magotini, akamkuta wifi yake amekaa juu ya mlango anakwangua birika kwa kijiko.

"Unanifedhehesha mbele ya wafanyakazi," Tamima akasema.

"Karibu, wifi. Kiti hakuna, kaa mlangoni."

Tamima hakukaa. Alitazama kuta. Alama ya maji ilipita juu ya kitanda cha kaka yake, juu kuliko kichwa chake yeye.

"Nyumba imekufa, Asya."

"Imeumwa. Haijafa."

"Na kimbunga kingine kikija?"

"Kikija nitatoka. Kikiondoka nitarudi. Mimi si kichaa, maji nayaogopa. Lakini sitoki kwa sababu ya wimbo wa harusi."

Tamima akashusha pumzi. Ndipo likamtoka lile lililomkaa kooni siku zote hizo, na lilimtoka dogo, halina ukali. "Ulikuwa unacheka nini? Niambie tu. Kaka yangu yuko chini ya mchanga, ulikuwa unacheka nini?"

Bi Asya akaweka kijiko chini.

"Kaka yako tangu tumeoana alikuwa akiniahidi. Kila wadi ikijaa, husema, usiogope bibi harusi, mimi nitakubeba mgongoni nikuvushe. Kila mwaka. Na kila mwaka mgongo unamuuma, mimi ndiye ninayembebea ndoo. Basi usiku ule yule kijana ameninyanyua, nampiga makofi, namwambia niache nimo edani. Yeye ananijibu, mama, wewe ni mwepesi kuliko mbuzi wa bibi yangu, tulia. Nikamkumbuka Musabbah. Nikasema moyoni, ewe mtu, umeshindwa mwenyewe, ukaona unitumie mwengine! Nikacheka. Sikatai. Nilicheka, Tamima, na nusu ya kile kicheko kilikuwa kilio, ila simu haioni hayo."

Tamima akakaa. Alikaa pale pale kwenye tope bila kuangalia anakaa wapi.

"Mgongo ule," akasema, "aliuharibu kwa kunibeba mimi. Tulipokimbia Unguja, mwaka wa mapinduzi. Toka Malindi mpaka forodhani, usiku, na yeye mwenyewe mtoto. Mama kabeba furushi, mimi nikawa juu yake."

"Hakuniambia hilo hata siku moja."

"Hakumwambia mtu." Tamima akafuta uso, tope likambaki shavuni. "Watu walikuwa wanalia njia nzima. Mimi nilikuwa nacheka. Nilidhani mchezo. Nilimwambia, kaka, kimbia tena."

Nje hakuna aliyesikia. Wanawake wawili wale walikaa, mmoja juu ya mlango, mmoja chini, na birika katikati yao.

Mwisho Tamima akainuka, akaenda dirishani, akafunua pembe ya shuka.

"Khalaf! Rudisha hilo dude!"

"Mama, nimeshalikodi!"

"Basi safishia barabara watu wapite!" Akaachia shuka. Akamgeukia wifi yake, sauti imerudi ilipokuwa. "Usidhani nimesamehe mirathi. Haki yangu iko palepale."

"Iko palepale, wifi. Hata maji hayakuichukua. Nenda kanitafutie sepeto nyingine huko Sur."

*

Eda ilikwisha siku ya Alkhamisi. Alfajiri Bi Asya alikoga, akavaa leso mpya yenye harufu ya duka, akafukiza udi mpaka nyumba ikasahau harufu ya samaki. Kuta zilikuwa zimepakwa chokaa, lakini alama ya maji ilijitokeza chini ya chokaa kila ikikauka. Aliwaambia waiache. Upande wa wadi bado palikuwa wazi, matofali yamepangwa tu yakisubiri fundi.

Akatoka nje. Jua likampiga usoni baada ya muda mrefu. Mkekani walikuwepo Khamisa, Wijdan, Tamima aliyekuja tangu asubuhi na bakuli la halua, na Khalaf amesimama na kamba ya kupimia. Alikuwepo pia kijana mmoja mwenye haya, amekuja kutoka Ibra kuomba radhi, maana aliyepiga ile video alikuwa mwenzake wa zamu.

"Karibu, farasi wangu," Bi Asya akamwambia, na Laith akainamisha kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Bi Asya akapita katikati yao, akaenda mpaka penye matofali, akaitazama wadi. Maji yalikuwa membamba kama uzi, yanapita kati ya mawe bila makosa yoyote. Akayatazama kwa muda. Kisha akageuka, akasema na Khalaf ana kwa ana kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Haya, baba. Sasa nasema na wewe. Umekuja kupima haki ya mamako?"

"Ndiyo, khala. Ikiwa hukuchukia."

"Sijachukia. Anza hapa nilipo. Upande huu wa wadi, wote mchukue. Jenga vyumba vyako, watalii waje walale."

Khalaf akatazama matofali, akatazama yale mawe makubwa kama magari. Kamba ikalegea mkononi.

"Lakini khala, hii si njia ya maji?"

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyetwambia."

Wijdan akageukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Khalaf akaanza kuikunja kamba, polepole, kama mtu mwenye kazi nyingine.

"Mimi sitaki upande wa wadi," Tamima akasema kutoka mkekani, mdomo umejaa halua. "Wala siuzi. Haki yangu nataka chumba. Nikija kuzuru kaburi la kaka nilale. Na kisiwe cha mbuzi."

Bi Asya akamtazama. Akaanza yeye kucheka, Tamima akafuatia, na walipokwisha kuanza hawakuweza kujizuia, wawili wale, meno yote nje, wameshikana mabega mbele ya ukuta usiokuwepo. Wijdan akatoa simu yake. Halafu akakumbuka, akaishusha.

"Inua," Bi Asya akamwambia. "Piga. Uitume Sur nzima, na wimbo safari hii nachagua mimi."